Anayeumia Kazini: Je, Ni Kudra Peke Yake?



Katika safari zetu za kuwazuru ndugu zetu wa bara tulijaliwa kufika Kisaki, katika wilaya ya Morogoro, kusini ya milima ya Uluguru. Atokaye Morogoro mjini kwa njia ya gari hupita Matombo na Mvuha, akateremka mpaka nchi tambarare ya Wakutu, karibu na mto Mgeta. Na atokaye Dar es Salaam kwa reli ya TAZARA hushuka katika stesheni ya Kisaki yenyewe. Tulikwenda kwa shughuli za madrasa, wala hatukuwa na nia ya kuandika habari za maghala na mashine. Lakini jambo tulilolikuta huko lilitugusa mioyo, tukaona kuwa kulinyamazia ni kuidhulumu haki ya msomaji.

Baada ya sala ya Alasiri mzee mmoja alitukaribisha barazani kwake. Tuliketi juu ya mkeka, tukaletewa maji, na katika mazungumzo tukamwona kijana wake akitoka ndani kwa kuegemea gongo. Umri wake haujafika miaka ishirini na mitano. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, na kiatu hakivaliki, kwa kuwa nusu ya wayo haipo.

Tulimpa pole, tukamwuliza yaliyompata. Alitueleza kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kuisimulia habari ile mara nyingi mpaka machozi yake yakakauka. Alikuwa kibarua katika ghala moja la mjini, kazi yake kupanga magunia juu ya majukwaa ya mbao. Majukwaa hayo yalikuwa yakichukuliwa na gari la kunyanyulia mizigo, lile lenye meno mawili mbele, ambalo wafanyakazi huliita foklifti. Siku hiyo dereva alikuwa amebeba mzigo uliomziba macho, basi akawa anarudi kinyumenyume. Kijana alikuwa akipita nyuma kwenda kunywa maji. Gari lilipokata kona, mkia wake uliyumba kwa ghafla, ukambana na nguzo, na gurudumu likapanda juu ya mguu wake.

Tukamwuliza, "Dereva hakupiga honi?"

Akajibu, "Honi ilikuwa mbovu tangu juma lililotangulia. Tulisema, tukaambiwa itatengenezwa."

Tajiri wake alilipa gharama za siku za kwanza hospitali. Kisha karani akamjia, akampa nauli ya kurudia kwao na fedha kidogo za njiani, akamwambia kuwa kibarua hana mkataba, na asiye na mkataba hana madai. Kijana akapanda treni, akarudi Kisaki. Tulipomkuta ulikuwa umepita mwezi wa tisa.

Mzee wake aliinamisha kichwa, akasema, "Wanangu, tumeshukuru. Ni kudra ya Mwenyezi Mungu."

Mama yake kijana alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Hakuinua uso wake, wala hakupandisha sauti. Alisema, "Baba yake, kudra naiamini. Lakini honi ile iliharibiwa na kudra, au ilikosa mtu wa kuitengeneza?"

Hapana aliyemjibu. Na swali hilo ndilo tuliloondoka nalo Kisaki, na ndilo linalotufanya tuandike makala haya.

MIZIGO YA NCHI HII

Nchi ya Kisaki inaijua mizigo tangu zamani. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka pwani ilipita Zungomero, katika nchi hii ya Wakutu. Na Wazungu Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857 walipokuwa wakienda kuyatafuta maziwa makuu. Vitu vyote, nguo, shanga, nyaya za shaba na pembe za ndovu, vilichukuliwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili sabini au kilo 32 hivi.

Ikaja Vita Kuu ya kwanza. Mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yalipigana na Wajerumani hapa hapa Kisaki. Nyuma ya kila askari walikuwako wapagazi waliochukua unga, risasi na majeruhi. Wenye kuandika tarikh wanakadiria kuwa wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao waliokufa katika vita vile vya Afrika Mashariki walipindukia 95,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maradhi, njaa na uchovu. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam umechukua jina lake kutoka katika kikosi hicho cha wapagazi. Mara ngapi tumekwenda sokoni Kariakoo kununua kanga na viungo vya pilau, tusikumbuke kuwa twatamka jina la watu waliokufa chini ya mizigo!

Kisha ikaja reli. TAZARA ilijengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi mwezi wa Julai 1976, urefu wake kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi katika Zambia. Kipande kinachopita Kisaki ni katika sehemu ya kwanza, ya Dar es Salaam mpaka Mlimba, iliyomalizika mwaka 1971. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na baadhi yao wamezikwa Gongo la Mboto. Watanzania na Wazambia pia walikufa, na makaburi yao yametawanyika vijijini kwao, yakijulikana na jamaa zao tu.

Na katika siku zetu limejengwa bwawa la Julius Nyerere juu ya mto Rufiji, kusini-mashariki ya Kisaki, lenye mitambo tisa ya kutoa megawati 2,115 za umeme. Mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2018, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwaka 2024. Vijana wengi wa Morogoro na Pwani walipata riziki zao huko.

Twayataja haya ili isidhaniwe kuwa habari za ajali za kazini ni habari za Ulaya au za mijini tu. Hata katika mkoa huu wa Morogoro, tarehe 23 Mei 2024, ulitokea mlipuko wa mvuke wa moto katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa huko Turiani, watu 11 wakafariki dunia. Hao walikuwa ni waume, baba na watoto wa watu, walioaga asubuhi kwa nia ya kurudi.

CHOMBO CHENYEWE

Kuna ajabu moja katika tarikh. Mwaka 1917, wakati wapagazi wetu walipokuwa wakizikwa katika mabonde ya Mgeta na Rufiji, kiwanda cha Clark katika mji wa Buchanan, huko Michigan katika Marekani, kilitengeneza gari dogo la injini kwa ajili ya kuhamisha vitu ndani ya kiwanda. Gari hilo ndilo lililokuja kuzaa foklifti ya leo. Chombo hiki kimewapunguzia wanadamu taabu kubwa. Kazi iliyohitaji watu ishirini sasa hufanywa na mtu mmoja aliyeketi. Hatuilaumu mashine, kwani mashine haina akili wala dhambi. Twataka ijulikane tabia yake, ili wanaofanya kazi karibu nayo wajihadhari.

Tabia ya kwanza ni uzito. Foklifti ya kunyanyua tani mbili na nusu, yenyewe huwa na uzito wa tani tatu na nusu mpaka nne, kwa kuwa nyuma yake imetiwa chuma kizito cha kuusawazisha mzigo ulioko mbele. Ndogo kwa macho, lakini ni nzito kuliko magari mawili madogo ya abiria.

Tabia ya pili ni kuwa magurudumu yanayokata kona ni ya nyuma, si ya mbele kama ya motokaa. Kwa hiyo dereva akipinda kulia, mkia huyumba kwenda kushoto, kwa upana mkubwa na kwa haraka. Anayesimama ubavuni mwake hudhani yuko salama, kumbe amesimama palipo hatari kuliko pote. Hivyo ndivyo alivyoumia kijana wetu wa Kisaki.

Tabia ya tatu ni wepesi wa kupinduka. Mzigo ukiinuliwa juu, uzito wote hupanda. Na gari likikata kona kwa kasi au likipita juu ya shimo, huanguka ubavu. Hapo dereva asiyefunga mkanda hujaribu kuruka, na chuma cha paa humwangukia yeye mwenyewe. Mafundi wote wanaagiza kuwa, likianza kupinduka, dereva asiruke: ajishike imara, aikaze miguu, aegemee upande ulio kinyume na anguko, na mkanda uwe umefungwa.

Huko Marekani wataalamu walihesabu vifo 1,021 vilivyotokana na magari haya baina ya mwaka 1980 na 1994. Katika kila vifo mia, 22 vilitokana na gari kupinduka, 20 ni vya watu waliokuwa wakitembea kwa miguu wakagongwa, 16 ni vya waliobanwa, na 9 ni vya walioanguka kutoka juu ya gari lenyewe, kama wale wanaosimama juu ya meno yake wanyanyuliwe kama mzigo. Mwenye kuzitazama hesabu hizo ataona kuwa hapana hata moja kati ya sababu hizo isiyokuwa na kinga yake.

Na kinga zenyewe si ghali. Njia ya waendao kwa miguu itengwe kwa mstari wa rangi au kwa vizuizi. Honi, taa na breki vikaguliwe kila asubuhi kabla ya kazi, na gari lenye kasoro lisitumiwe mpaka litengenezwe. Mzigo uchukuliwe karibu na ardhi, na mlingoti ulazwe nyuma kidogo. Dereva asiyeona mbele arudi kinyumenyume huku akitazama anakokwenda, au awe na mtu wa kumwongoza. Kwenye mteremko, mzigo uelekee juu. Asiyefundishwa asiguse usukani, hata kama ni kwa dakika moja ya kumsaidia mwenzake. Wala mtu asipite chini ya mzigo ulioinuliwa.

Haya si mambo ya kumfilisi tajiri. Honi moja mpya hailingani na mguu wa mtoto wa mtu.

KUDRA NA UZEMBE

Sasa twarudi katika swali la mama yule. Sisi Waislamu twaamini kudra, kheri yake na shari yake, na imani hiyo ndiyo inayotuliza moyo wa mwenye msiba. Mtu aliyepoteza kiungo chake akasubiri, ana malipo kwa Mola wake. Hilo halina shaka, na hatutaki kumnyang'anya mzee wetu faraja yake.

Lakini imani ya kudra haikuja kuwa pazia la kufichia uzembe. Wote tunaijua habari ya yule mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kumfunga kwa kisingizio cha kutawakali, Mtume (s.a.w.) akamfundisha amfunge kwanza, ndipo atawakali. Basi mwenye ghala aliyeacha honi mbovu kwa muda wa juma zima hakumfunga ngamia wake. Na ngamia alipomkanyaga mtu, haimfai mwenyewe kusimama akasema kuwa ni kudra. Neno hilo lina uzuri linapotoka katika kinywa cha aliyeumia, kwani kwake ni subira. Lakini likitoka katika kinywa cha aliyesababisha, ni kujitoa katika dhima.

Mtume wetu alitufundisha pia kuwa wale wanaotutumikia ni ndugu zetu, tusiwatwishe wasiyoyaweza, na tukiwatwisha tuwasaidie. Alituhimiza tusimcheleweshee mfanyakazi ujira wake. Nasi twajua jinsi watu wetu wanavyolipokea agizo hilo la ujira: hata tajiri mgumu huona haya kulala na fedha ya kibarua. Mbona basi hatuoni haya kulala na mguu wake? Ujira ni malipo ya jasho. Anayepoteza mguu ametoa zaidi ya jasho, na haki yake ni kubwa zaidi.

Wala hatuandiki haya kwa ajili ya wenye viwanda vikubwa peke yao. Katika wasomaji wetu wako wenye mashine za kukoboa mpunga, wenye mashine za mbao, wenye maduka yanayopokea shehena, na wenye malori. Kila mmoja na ajiulize usiku huu: katika kazi yangu, honi iliyoharibika ni ipi?

SHERIA INASEMAJE

Zamani mfanyakazi aliyeumia alitegemea huruma tu. Wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943 na 1947, wakidai ujira na hali bora. Mwaka 1949 ikawekwa sheria ya fidia kwa wafanyakazi wa Tanganyika, na mwaka 1950 sheria ya viwanda. Sheria ile ya fidia iliishi miaka mingi kupita kiasi; na katika siku zake za mwisho fidia ya ulemavu wa daima haikuzidi shilingi 108,000, na ya kifo shilingi 83,000, kiasi ambacho hakikutosha hata kwa maziko.

Leo mambo yamebadilika, lakini wengi wetu hatuna habari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inamlazimisha mwajiri kuweka mahali pa kazi katika hali ya usalama, kuwafundisha watu wake, na kuwapa vifaa vya kujikinga. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, uitwao OSHA, ndio unaosimamia ukaguzi. Na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, namba 20 ya mwaka 2008, iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015 kwa Tanzania Bara. Mfuko huu huchangiwa na waajiri, wala si halali kumkata mfanyakazi senti katika mshahara wake kwa ajili hiyo. Waajiri binafsi walianza kwa kulipa asilimia 1 ya mishahara wanayolipa, kisha ikapunguzwa mpaka nusu ya asilimia.

Aliyeumia kazini, au aliyepata maradhi kwa sababu ya kazi, anastahili matibabu. Akishindwa kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Akipata ulemavu wa daima, kuna fidia kwa kadiri ya ulemavu wake. Kuna msaada wa kumrejesha katika kazi, na malipo ya mtu wa kumhudumia asiyejiweza. Akifa, kuna gharama za maziko, na pensheni ya mjane na watoto.

Mambo mawili ya wakati na yakumbukwe sana. Mwajiri akipata habari ya ajali, yampasa kuifikisha kwa Mfuko katika siku saba. Na haki ya fidia hupotea ikiwa ajali haikuarifiwa katika miezi kumi na miwili. Mwaka mmoja ni mrefu kwa mwenye afya, lakini kwa nyumba yenye mgonjwa hupita kama wiki.

Ama lile neno la karani, kuwa kibarua hana mkataba, tumeliuliza kwa wanaojua. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haikutazama karatasi peke yake. Mtu akifanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, kwa saa alizopangiwa, kwa vifaa vya mwingine, huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na tukumbuke kuwa neno lenyewe "kibarua" limetokana na barua: lilikuwa ni kile kikaratasi alichopewa mtu kuwa ushahidi wa siku yake ya kazi. Ajabu ya dunia ni kuwa leo anayeitwa kwa jina la karatasi ndiye anayeambiwa hana karatasi.

NENO KWA NYUMBA ZETU

Gazeti hili husomwa nyumbani, na ajali ya kazini, ingawa hutokea ghalani, huishia nyumbani. Mwenye kumwosha mgonjwa ni mkewe au mama yake. Kwa hiyo twasema maneno machache na akina mama.

Mwulizeni mume au mtoto jina la mahali anapofanyia kazi, jina la msimamizi wake, na jina la mwenzake mmoja, pamoja na namba yake ya simu. Siku ya msiba hamtaweza kuyatafuta. Karatasi zote za hospitali zihifadhiwe, hata kile kikaratasi cha dawa. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa watoto vitafutwe mapema. Nikahi nyingi hufungwa mbele ya shehe na mashahidi, ikaliwa pilau, na cheti kikabaki hewani. Mbele ya Mungu ndoa ile ni ndoa. Lakini mjane anapofika dirishani kuomba haki ya watoto wake, karani huomba karatasi. Aliye na wake zaidi ya mmoja na aone kuwa kila mke ana cheti chake, asije akawaachia ugomvi badala ya urithi.

Na mjane aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi asidhani kuwa hesabu ya sheria nayo imekaa eda. Ndugu wa kiume wa marehemu au wazazi wake na waifikishe habari kwa niaba yake katika siku za mwanzo. Hiyo ni khitma yenye faida kwa yatima kuliko ng'ombe wa arubaini.

Tena katika mwezi wa Ramadhani, mwenye kuendesha mashine asikeshe barazani mpaka daku, kisha akashika usukani asubuhi na macho mazito. Usingizi wake ni amana ya wale wanaopita mbele yake. Na matajiri Waislamu wazipange saa za kazi nzito ziwe za asubuhi, kabla ya jua na kiu kuwalemea watu.

Shirika la Kazi Duniani linakadiria kuwa kila mwaka karibu watu milioni tatu hufa ulimwenguni kwa sababu za kazi, na kati yao 330,000 huuawa na ajali. Idadi hiyo ni kubwa hata akili haiishiki. Lakini barazani pale Kisaki tulimwona mmoja tu, na huyo mmoja alitutosha.

Kabla hatujaondoka tulimwambia mzee wake kuwa bado miezi mitatu imesalia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Nikienda kudai, sitakuwa nimekataa kudra?" Mwalimu wa madrasa, aliyekuwa pamoja nasi, alimjibu kwa adabu, "Mzee wangu, mguu ulichukuliwa na kudra, tumesema Inna lillahi. Lakini haki ya mguu imo mikononi mwa watu, na haki iliyo mikononi mwa watu huombwa kwa watu."

Mama yule akainuka bila ya kusema neno, akaingia ndani. Alirudi na mfuko wa nailoni uliokunjwa vizuri, aliokuwa ameuweka sandukuni pamoja na msala wake. Ndani yake zilikuwamo karatasi zote za hospitali, tangu siku ya kwanza. Miezi tisa alizitunza, ingawa hakuna aliyemwambia azitunze. Jioni ile ile mwalimu aliandika barua mbili, moja kwa tajiri na moja kwa Mfuko, na kijana akampigia simu mwenzake aliyeshuhudia, naye akakubali kusema aliyoyaona.

Barua hizo zimekwenda. Hata tunapoandika haya majibu hayajafika, nasi hatutaki kuwaahidi wasomaji wetu jambo lililoko katika ghaibu. Tunachojua ni kuwa zimefika ndani ya wakati wake. Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye kijana wetu, amlipe kwa subira yake, na awape wenye kazi macho ya kuona honi mbovu kabla haijachukua mguu wa mtu mwingine.

Amin.